Mtoro, Kipande na Cheti: Historia ya Kuacha Mafunzo ya Kazi Kabla ya Muda Katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mwanafunzi wa kazi, awe mwanagenzi wa fundi au mtarajali wa ofisini, alivyoruhusiwa, alivyozuiwa na alivyoadhibiwa alipotaka kuondoka kabla ya muda wake kwisha. Inalifuatilia swali hilo kuanzia kwa mafundi wa pwani na sheria ya Kiingereza ya uanagenzi, kupitia kipande cha Kenya na Tanganyika, hadi sheria za ajira za sasa za Kenya, Uganda na Tanzania. Inadai kwamba namna ya kuondoka haikuwa suala la adabu peke yake, bali iliamuliwa na yule aliyeshika karatasi ya kuondokea. Na kwamba mara kadhaa mfanyakazi alipopewa uhuru wa kuondoka, mwanafunzi wa kazi aliachwa nyuma.

Utangulizi

Mtarajali aliyebakiza miezi miwili katika mafunzo ya miezi sita, na ambaye ameona kwamba hafundishwi chochote, ana maswali mawili. La kwanza ni kama aondoke. La pili ni aondokeje. Washauri wa vijana humjibu zaidi lile la pili: atoe taarifa mapema, aandike barua fupi yenye heshima, akabidhi kazi aliyo nayo mkononi, ashukuru, wala asiwaseme vibaya wakubwa wake huko aendako. Ushauri huo ni mwema na hakuna sababu ya kuupinga. Lakini hauelezi kwa nini kijana huyo, ambaye mara nyingi hupewa posho ya nauli tu, au hapewi kitu, anaogopa kuondoka kuliko mfanyakazi wa mshahara. Asiye na mshahara wa kupoteza anaogopa kupoteza nini?

Jibu limo mkobani mwake. Ni kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, chenye nafasi ya sahihi ya msimamizi kila wiki au mwishoni, na ni ile barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza. Miezi minne aliyokwisha kuitumikia haina ushahidi mwingine. Msimamizi akikataa kutia sahihi, miezi hiyo haikuwapo. Kwa hiyo hata swali la kwanza, la kuondoka au kubaki, haliamuliwi kwa kupima faida ya mafunzo. Huamuliwa kwa kukisia hasira ya mtu mmoja mwenye kalamu.

Hali hii si ya jana. Makala hii inaitazama kama tawi la historia ndefu ya karatasi za kuondokea, historia ambayo katika Afrika Mashariki ina majina yanayojulikana sana na maana ambazo aghalabu zimesahauliwa.

Kuaga na kutoroka

Kiswahili kina maneno mengi ya kuondoka kazini, nayo hayana uzito mmoja. Anayeaga huondoka kwa ruhusa na radhi. Anayeacha kazi huamua mwenyewe. Anayeachishwa huamuliwa. Anayetoroka hutenda kosa. Neno mtoro lina mzigo mkubwa kuliko anavyodhani mwalimu anayeliandika leo katika daftari la mahudhurio. Katika karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya pwani wakaanzisha vijiji vyao bara, kama Fuladoyo, au wakajihifadhi katika vituo vya misheni. Rabai, karibu na Mombasa, ilikuwa na watoro wapatao elfu moja na zaidi Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi zake mwaka 1888. Wenye watumwa walidai warejeshewe mali yao. Mwishowe Kampuni iliwalipa fidia, na Januari 1889 watoro hao wakapewa hati za uhuru.

Katika tukio hilo wanahistoria wametazama zaidi fidia. Hati nayo inastahili kutazamwa. Watu wa Rabai walikuwa wamekwisha kuondoka, wengine miaka mingi nyuma. Walikuwa na makazi na familia. Miguu yao ilikuwa huru ilhali jina lao lilikuwa bado limefungwa. Karatasi ndiyo iliyowatoa katika hali ya mtu aliyetoroka na kuwaweka katika hali ya mtu aliyeondoka, ingawa hawakupiga hata hatua moja zaidi siku hiyo.

Kwa mafundi wa pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwanagenzi wa useremala, wa uchongaji wa milango au wa uundaji wa majahazi aliletwa na mzazi au mjomba, akapokewa na fundi, akakaa naye hadi mkono wake ulipokomaa. Mwishoni alitoa kilemba, yaani zawadi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake kwa kufuzu. Hakukuwa na haja ya mkataba wa maandishi. Utaratibu huo haupaswi kupambwa: fundi aliweza kumtuma mtoto sokoni na kisimani muda mrefu kabla ya kumpa randa, na mtoto hakuwa na pa kushtaki. Hata hivyo ulikuwa na jambo ambalo karatasi ilikuja kuliondoa. Kati ya fundi na mwanagenzi alikuwako mtu wa tatu. Mzazi aliyemleta aliweza kurudi, akakaa barazani, akaomba radhi na kumchukua mwanawe. Kuondoka kulitamkwa mbele ya mashahidi, na mji ulijua kama kijana ameaga au ametoroka.

Hati yenye meno

Sheria za kazi zilizoletwa na Waingereza zilikuwa na mizizi katika uanagenzi wa kwao. Mkataba wa uanagenzi uliandikwa mara mbili katika ngozi au karatasi moja, kisha ukakatwa kwa mstari wenye meno. Bwana akachukua kipande kimoja, upande wa mtoto ukachukua kingine, na meno yalipolingana ndipo mkataba ulipoaminika. Sheria ya Mafundi ya mwaka 1563, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliweka muda usiopungua miaka saba. Vifungu vyake vya uanagenzi havikufutwa hadi 1814. Mwanagenzi aliyeondoka kabla ya muda alikuwa mkimbizi, na magazeti ya karne ya 18 katika makoloni ya Marekani yalijaa matangazo ya zawadi kwa atakayemrudisha.

Mmoja wa wakimbizi hao aliacha maelezo yake mwenyewe, nayo yanafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo kwa sababu yanaonyesha vizuri kuliko sheria yoyote jinsi karatasi ilivyofanya kazi. Benjamin Franklin aliwekwa kwa kaka yake James, mpiga chapa wa Boston, akiwa na umri wa miaka 12, mkataba wake uwe hadi atimize 21. James alimpiga mara kwa mara. Mwaka 1723, baada ya gazeti la James kuwaudhi wakubwa wa koloni, alikatazwa kulichapa kwa jina lake. Ikabuniwa hila: gazeti litoke kwa jina la Benjamin. Ili ionekane kwamba Benjamin si mwanagenzi tena, mkataba wa zamani ulirudishwa kwake, nyuma yake pameandikwa kwamba ameachiliwa kabisa. Na ili James asipoteze huduma yake, mkataba mpya ulitiwa sahihi kwa siri.

Ugomvi ulipozuka tena, Benjamin aliondoka. Alijua kwamba James hawezi kuutoa hadharani ule mkataba wa siri bila kujifichua. Katika maisha yake aliyoyaandika uzeeni alikiri kwamba kujinufaisha hivyo hakukuwa haki, akalihesabu tendo hilo miongoni mwa makosa yake ya mwanzo. James naye alizunguka kwa wapiga chapa wote wa Boston akawaambia wasimpe kazi. Kijana wa miaka 17 akauza baadhi ya vitabu vyake, akapanda chombo kwa siri hadi New York, akakosa kazi, akaendelea hadi Philadelphia.

Masimulizi haya husomwa kama hadithi ya kijana jasiri. Kwa anayechunguza kuacha mafunzo, yaliyomo ni zaidi ya ujasiri. Franklin alikuwa na sababu ya haki ya kuondoka, kwa kuwa alipigwa. Alikuwa na karatasi iliyomruhusu kuondoka. Na bado aliona baadaye kwamba namna yake ilikuwa na doa. James hakuwa na karatasi ya kuonyesha, lakini alikuwa na sauti katika mji wenye wapiga chapa wachache, na sauti hiyo ilitosha kumfungia ndugu yake milango yote. Zile nguvu mbili, hati rasmi na neno linalonong'onezwa kwa waajiri wengine, zitaonekana tena Nairobi miaka 200 baadaye. Ndugu hao walipatana miaka kumi hivi baada ya kuachana, James akiwa mgonjwa. Benjamin alimchukua mtoto wa James, akamsomesha na kumfundisha uchapaji, na mwenyewe aliona kwamba kwa hilo amelipa ile miaka aliyomnyima kaka yake.

Uingereza ilipoanza kulegeza sheria hizi, mwanagenzi hakufunguliwa sawasawa na wengine. Watumwa wa makoloni yake walipotangazwa huru kuanzia 1834, wengi waligeuzwa kwanza kuwa wanagenzi wa mabwana wao walewale, bila hiari ya kuondoka. Nchini Mauritius, ambako watumwa wengi walikuwa wametolewa pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji, hali hiyo ilianza 1835 na kwisha 1839. Neno la mafunzo lilitumika kuuchelewesha uhuru wa watu ambao hawakuwa na la kufunzwa kuhusu kukata miwa. Kisha mwaka 1875 Bunge la Uingereza lilifuta adhabu za jinai kwa mfanyakazi anayevunja mkataba wake. Mwanagenzi alibakiziwa kifungu chake: mahakama iliweza kumwamuru arudi kazini, na akikaidi, kumfunga kwa muda usiozidi siku 14. Mtu mzima akaacha kazi akadaiwa fidia. Kijana aliyekuwa akijifunza akaacha kazi akafungwa.

Kipande

Kile kilichofutwa kwa wafanyakazi wa Uingereza mwaka 1875 kiliandikwa upya Afrika Mashariki miaka 31 baadaye. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, iliyofuatwa na ya 1910, ilifanya utoro wa kazini kuwa kosa la jinai katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Tatizo la serikali lilikuwa kumtambua mtoro. Mtu aliyeacha shamba Nakuru aliweza kujiita jina jingine Thika. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya 1915, iliyocheleweshwa na vita na kuanza kutekelezwa baada ya 1918, ilikuwa jawabu la tatizo hilo.

Kipande kilikuwa karatasi yenye alama za vidole, iliyotiwa katika kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina la mwajiri, siku ya kuanza, mshahara, na siku ya kuachiliwa. Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa na nguvu. Bila sahihi ya mwajiri wa zamani mfanyakazi alihesabiwa kuwa bado yuko kazini kwake, na mwajiri mpya aliyempokea alijitia hatiani. Kwa hiyo mwajiri hakuhitaji kumzuia mtu kwa nguvu. Alihitaji tu kuwa na shughuli nyingi siku ile, au kusema kwamba wino umekwisha.

Hapa inafaa kutoa tahadhari ya kiutafiti. Nyaraka za utawala zimejaa malalamiko ya walowezi kuhusu utoro, nazo huandika utoro kama tabia ya kabila au ya mtu. Zimeandikwa na wale waliokuwa na safu ya sahihi. Mfanyakazi aliyekwenda kuomba aachiliwe akakataliwa, kisha akaondoka, anaonekana katika kumbukumbu hizo sawa kabisa na yule aliyeondoka usiku bila neno. Kumbukumbu haina nafasi ya kuandika kwamba mtu aliaga. Hesabu zozote za watoro zinazotolewa kutoka humo zinahesabu sahihi zilizokosekana, wala si nia za watu.

Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopingwa na Chama cha Afrika Mashariki cha Harry Thuku, ambaye kabla ya kuwa karani wa simu wa serikali alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha gazeti la walowezi. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na watu zaidi ya 20 waliuawa. Katika mwezi uleule, upande wa pili wa maziwa, utawala wa Ubelgiji ulitoa amri yake ya mikataba ya kazi kwa Kongo, nayo ilimwadhibu kwa jinai mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mkataba. Tawala mbili zilizoshindana katika mengi hazikutofautiana katika hili.

Tanganyika ilikuwa na kipande cha namna yake, kilichorithiwa tangu Wajerumani. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, si mwezi wa kalenda. Kila siku iliyofanyiwa kazi iliwekewa alama, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Kwa mtazamo mmoja mpango huu ulimpa mfanyakazi nafasi zaidi, kwa kuwa aliweza kupumzika siku mbili akarudi. Kwa mtazamo mwingine ulikuwa mkali kuliko wa Kenya. Aliyefanya kazi siku 22 akaugua au akakosana na mnyapara hakuwa na siku 22. Alikuwa na kadi isiyojaa. Kazi yake ilikuwa imefanyika, mkonge umekatwa na kusombwa, lakini katika hesabu ilikuwa haijawa kitu. Mtarajali wa miezi minne kati ya sita ana kadi ya namna hiyohiyo.

Karatasi isiyohukumu

Adhabu ya jinai kwa kuacha kazi iliondoka polepole. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuziondoa adhabu hizo hatua kwa hatua mwaka 1939 na mwingine wa kuzifuta mwaka 1955. Kipande cha Waafrika peke yao kilifutwa Kenya mwaka 1947, kikafuatwa na kitambulisho cha watu wa rangi zote. Tanganyika iliiacha sheria yake ya mabwana na watumishi ya 1923 kwa sheria ya ajira iliyopitishwa 1955. Kwa wengi, hapo ndipo hadithi ya kipande inapokoma.

Lakini karatasi yenyewe haikutoweka, na haikupaswa kutoweka. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi anahitaji kuthibitisha hivyo. Kilichohitajika ni karatasi inayosema ulifanya kazi wapi na lini, bila kumpa mwajiri nafasi ya kulipiza kisasi. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1963 lilitaka mfanyakazi anayeondoka apewe, akiomba, cheti cha tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi, na kwamba jambo lolote baya juu yake lisiandikwe humo. Pendekezo la 1982 liliongeza kwamba tathmini ya mwenendo wake itolewe kwa ombi lake mwenyewe tu. Ugunduzi huu haujapewa sifa inayoustahili. Ulitenganisha mambo mawili ambayo James Franklin na mlowezi wa Nakuru waliyashika kwa mkono mmoja: ushahidi kwamba mtu alikuwapo, na maoni juu yake.

Sheria za nchi zetu zimeufuata mkondo huo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamtaka mwajiri kutoa cheti cha utumishi kwa aliyefanya kazi wiki nne au zaidi, na inaorodhesha yatakayokuwamo: majina, tarehe, aina na mahali pa kazi. Inasema pia kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya sifa za mtu. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri kutoa cheti cha utumishi mkataba unapokoma, na inaweka taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Sheria ya Uganda ya 2006 nayo inatambua haki ya cheti hicho. Mfanyakazi wa leo anayetaka kuondoka hana haja ya kuomba radhi ili apate ushahidi wa kazi yake. Akitoa taarifa inayotakiwa, tarehe zake ni mali yake.

Mtarajali mbele ya sheria

Kenya na Uganda zilipoandika maana ya mwajiriwa, zilimkumbuka mwanagenzi. Sheria ya Kenya inasema mwajiriwa ni pamoja na mwanagenzi na mwanafunzi wa ufundi aliyefungwa kwa mkataba. Ya Uganda inamtaja aliyeingia mkataba wa uanagenzi. Mtarajali, yaani mhitimu au mwanachuo anayekaa ofisini miezi kadhaa ili apate uzoefu, hatajwi katika fasili hizo. Tanzania ina dhana ya kisheria inayomchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa saa zake au namna yake ya kazi zinaongozwa na mwingine, na mtarajali anaweza kujenga hoja juu yake. Itambidi aijenge mahakamani, dhidi ya ofisi ambayo anahitaji sahihi yake.

Ugumu unaonekana zaidi pale mafunzo yanapokuwa lango la taaluma. Daktari mhitimu hapati usajili kamili bila kumaliza mwaka wa utarajali hospitalini. Kuacha katikati ni kuacha udaktari, au kuuahirisha. Ndiyo maana madaktari hao wanapoona masharti hayavumiliki hawaondoki, hugoma. Mwaka 2012 mgogoro mkubwa wa madaktari Tanzania ulianza na watarajali wa Muhimbili waliodai posho zilizochelewa, wakahamishwa. Mwaka 2024 mgomo wa madaktari wa Kenya ulidumu siku 56, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama mtarajali alipwe shilingi 206,000 za makubaliano ya 2017 au 70,000 zilizotolewa na serikali. Uganda pia ilibishana na watarajali wake juu ya posho iliyoahidiwa kisha ikapunguzwa. Migomo hii imejadiliwa kama masuala ya bajeti. Inaweza pia kusomwa kama tabia ya watu walionyimwa njia ya kuondoka: mgomo ni kuacha kazi bila kuachia karatasi.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Nairobi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri kama watarajali walimu waliokwisha kufuzu na kusajiliwa. Hoja ya msingi, kwamba jina la mafunzo lisitumike pale ambapo hakuna la kufunzwa, ingeeleweka vyema Mauritius mwaka 1835.

Kwa kijana asiye na mgomo wala mahakama, historia hii inabadilisha mpangilio wa ushauri anaopewa. Adabu ya kuaga inabaki. Franklin mwenyewe aliijutia aliyoikosa. Ila barua ya heshima ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Kabla yake kuna kazi ya kuhakikisha kwamba siku zilizotumikiwa zimekwisha kutiwa sahihi wiki kwa wiki, wakati hakuna ugomvi, badala ya kuachwa zote zisubiri siku ya mwisho. Kuna kumrudisha yule mtu wa tatu wa barazani: mratibu wa mafunzo wa chuo, ambaye anapaswa kujua sababu kabla ya ofisi kupata barua, kwa kuwa yeye peke yake anaweza kuitambua nusu ya muda au kumhamishia mwanafunzi mahali pengine. Barua yenyewe itaje tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi zinazokabidhiwa, kwa sababu nakala yake yenye muhuri wa mapokezi inaweza kuwa ndiyo hati pekee atakayopata. Sababu za kuondoka zinaweza kusemwa kwa mdomo au zisisemwe. Na pale ambapo kijana anadhalilishwa au usalama wake uko hatarini, utaratibu huu wote hugeuka: huondoka kwanza, kisha huandika. Hakuna taarifa ya siku 28 inayodaiwa na mtu anayepigwa.

Kwa watunga sera, hatua iliyobaki ni ndogo kuliko inavyoelekea. Haihitaji kumfanya kila mtarajali kuwa mwajiriwa. Inahitaji cheti cha siku zilizotumikiwa, kisicho na tathmini, kinachotolewa hata kwa aliyeacha katikati, na tathmini ikae katika karatasi nyingine. Wakuu wa mafunzo hupinga kwamba tathmini ndiyo roho ya mafunzo. Ni kweli, na hakuna anayependekeza ifutwe. Msimamizi abaki huru kuandika kwamba kijana alikuwa mvivu. Asiwe huru kuandika kwamba hakuwapo.

Liko pia suala la neno, ambalo ni la wanaisimu kama lilivyo la wanasheria. Tanzania hutofautisha uanagenzi wa fundi na utarajali wa mhitimu, na miongozo yake ya kitaifa imefuata tofauti hiyo. Nchini Kenya magazeti huwaita madaktari hao wanagenzi, kwa maana ya zamani ya neno hilo, yaani mtu aliye bado kujifunza. Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya sheria zake mwaka 2021, maneno ya namna hii yamekuwa na matokeo mahakamani. Kijana wa Bujumbura anayefanya mafunzo Dodoma chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, anaweza kurudi kwao na karatasi inayomwita mtarajali, akaiwasilisha Nairobi kwa ofisi inayosoma mwanagenzi. Ikiwa aliacha mwezi wa nne, karatasi hiyo kwa sasa haina jina katika nchi yoyote kati ya hizo tatu.